Dau Linapoongezwa



Viongozi wa kikundi chenu wameniomba niandike neno juu ya michezo ya kubahatisha, kwa sababu vibanda vya kubashiri matokeo ya mpira vimeongezeka hapa Baraka, na wamo miongoni mwenu wanaopitia huko kabla ya kufika kwenye mazoezi ya kwaya. Ombi hilo ni la haki. Hata hivyo sitaanza na makatazo, maana hayo mmekwisha kuyasikia tangu mafundisho ya Komunyo ya kwanza. Nitaanza na kanuni moja ya mchezo ambao mpwa wangu aliniletea katika simu yake, mchezo uitwao bakigamoni. Mwanzoni niliucheza ili nisimvunje moyo kijana. Baadaye kanuni ile ikanikaa kichwani, nikaona kwamba inahusu mambo ambayo watu wa Fizi wamekuwa wakiyaamua tangu kabla sijazaliwa, bila ubao wala kete.

Mchezo wenyewe hauna ugumu kuueleza. Ubao una vituo 24. Kila mchezaji ana kete 15, naye huziendesha kwa kurusha dadu mbili hadi azifikishe zote upande wake wa nyumbani na kuzitoa. Anayetangulia kuzimaliza ndiye mshindi. Michezo ya jamaa hiyo imechezwa Uajemi na Uarabuni kwa karne nyingi, na mtu aliyezoea bao au dame angeuelewa kwa jioni moja. Lakini katika miaka ya 1920, huko New York, wachezaji waliongeza kitu kipya: dadu ya tatu, ambayo hairushwi kamwe. Nyuso zake sita zina namba 2, 4, 8, 16, 32 na 64. Kazi yake ni kuonyesha dau limefika wapi.

Hutumika hivi. Mchezaji anayejiona ametangulia, kabla hajarusha dadu zake, anaweza kumwambia mwenzake: tuzidishe dau mara mbili. Mwenzake ana majibu mawili tu. Akikataa, mchezo unakwisha papo hapo, naye analipa dau la kwanza na kwenda zake. Akikubali, dau linakuwa maradufu na mchezo unaendelea. Zaidi ya hayo, dadu ile inahamia upande wake. Tangu hapo ni yeye peke yake mwenye haki ya kuzidisha tena. Kwa hiyo aliyekubali hajapokea mzigo tu, amepokea na neno la mwisho.

Sasa fikirini. Mnacheza, mambo yanakwenda vibaya, mwenzako anakutazama usoni na kusema tuzidishe. Utajibu nini? Watu wengi, nami nimewatazama, hujibu kwa tumbo badala ya kichwa. Mmoja anakataa kwa kuwa sauti ya mwenzake imemtisha. Mwingine anakubali kwa kuwa hataki kuonekana ameogopa mbele ya wasichana waliosimama pembeni. Yule wa kwanza hujisemea, "Nimekwisha kuzidiwa, basi niache." Yaonekana kuwa busara, kumbe sivyo, kwa sababu swali si kama unazidiwa. Asingezidisha kama usingekuwa unazidiwa! Swali ni kama unazidiwa sana kiasi kwamba kuondoka ni rahisi kuliko kubaki.

Tutumie mfano wa faranga, ingawa si wa kuigwa. Dau ni faranga 1,000. Umefika mahali ambapo, kati ya michezo minne ya hali hiyohiyo, ungeshinda mmoja na kupoteza mitatu. Mwenzako anazidisha. Ukikataa katika yote minne, umelipa 4,000. Ukikubali yote minne kwa dau la 2,000, unapoteza mara tatu, yaani 6,000, na unashinda mara moja, yaani 2,000. Jumla umepungukiwa 4,000. Ni sawasawa. Hapo ndipo mpaka ulipo: robo. Ukiwa na nafasi moja katika tatu, kukubali ni bora, japokuwa bado yaelekea utashindwa. Ukiwa na nafasi moja katika tano, kukataa ni bora, japokuwa moyo unakuambia kwamba bahati bado ipo. Wachezaji hodari hukubali hata kidogo chini ya robo, kwa sababu ile dadu iliyohamia kwao nayo ina thamani. Upande mwingine, ikiwa kuna hatari ya kushindwa vibaya, bila kutoa hata kete moja, ambako kanuni hukulipisha mara mbili ya dau, basi robo haitoshi. Haikupasi kuuliza tu ni mara ngapi nitashindwa. Uulize pia nikishindwa nitashindwa namna gani.

Hesabu hii ilinishangaza kwa upole wake. Inampa ruhusa mtu anayezidiwa kubaki mezani pasipo kujidanganya kwamba anashinda, na inamruhusu mwingine kuondoka bila aibu. Nayo haiulizi hata mara moja: jana ulipoteza kiasi gani?

Jambo hilo la mwisho lina historia yake, na ni historia ya mmoja wa wanetu katika imani. Mwaka 1654 Blaise Pascal, Mfaransa, aliandikiana barua na mwenzake Pierre de Fermat juu ya swali aliloletewa na bwana mmoja mcheza kamari: wachezaji wawili wamekatizwa kabla mchezo haujaisha, je, wagawane vipi fedha zilizowekwa? Watu wa zamani walitaka kugawa kwa kufuata raundi ambazo kila mmoja amekwisha kushinda. Pascal na Fermat waligeuza macho. Walisema tusitazame zilizopita, tutazame zilizobaki, na njia zote ambazo mchezo ungeweza kuishia. Kutokana na barua hizo ilizaliwa elimu ya kupima uwezekano, ambayo leo hutumiwa na madaktari, mabenki na watabiri wa mvua. Katika mwaka huohuo, usiku wa tarehe 23 Novemba, Pascal alikutana na Mungu kwa namna iliyombadilisha. Aliyaandika aliyoyaona akayashona ndani ya koti lake, na yalionekana baada ya kufa kwake. Baba Mtakatifu Fransisko alimwandikia barua ya kitume ya kumkumbuka tarehe 19 Juni 2023, ilipotimia miaka 400 tangu azaliwe. Wengi humtaja Pascal kwa sababu ya ile hoja yake ya kuweka dau juu ya kuwako kwa Mungu. Kwa maoni yangu, kijana wa Baraka atafaidika zaidi na zile barua za mcheza kamari.

Maana hapa kwetu dau huongezwa kila siku. Neno lenyewe lina maana mbili katika Kiswahili: ni mali inayowekwa katika mchezo, na ni chombo cha kupitia majini. Sisi wa kando ya Tanganyika hatuhitaji kufafanuliwa jinsi maana hizo mbili zinavyokutana. Mvuvi aliyekopa mafuta ya mota kwa safari moja akarudi na ndagala wa kujaza beseni mbili tu, jioni hukutana na tajiri wake anayemwambia: chukua mafuta ya safari mbili, utalipa yote pamoja. Huko ni kuzidishiwa dau. Dada anayeuza maharage sokoni anaambiwa achukue gunia la pili kwa mkopo wakati la kwanza halijaisha. Huko nako ni kuzidishiwa. Na wote wawili hujibu kwa kutazama nyuma: nimekwisha kuweka nyingi mno, siwezi kuacha sasa.

Misisi ndiko nilikoliona jambo hili kwa ukali wake wote. Mnajua jinsi mashimo ya dhahabu yanavyoendeshwa. Yupo yule anayeitwa PDG, mwenye shimo, wapo wachimbaji, na wapo wenye fedha wanaolisha kazi kwa unga, mafuta na pampu ya maji, wakingojea fungu lao mwamba utakapotoa. Kijana mmoja ninayemfahamu alikuwa ameweka fedha aliyopata kwa kuuza mota ya marehemu baba yake. Miezi saba shimo lilikula bila kutoa. Ndipo akaambiwa zimebaki mita chache, alete fedha nyingine sawa na ile ya kwanza, la sivyo fungu lake linafutwa. Alichokuwa nacho ni shamba la mihogo la mama yake, ambalo mtu mmoja alikuwa tayari kulipokea kama rehani.

Alikuja kuniuliza. Sikumwambia afanye nini, kwa maana sijui miamba. Nilimwuliza mambo matatu, nayo niliyatoa katika ule mchezo wa simu. Usahau mota, nikamwambia, mota imekwenda. Fedha hii mpya, ukiitazama peke yake kana kwamba leo ndiyo siku yako ya kwanza kufika Misisi, ungeiweka katika shimo lile? Pili, ukishindwa, utashindwa namna gani: utapoteza fedha, au mama atapoteza chakula? Tatu, ukiisha kukubali, nani atakuwa na neno la mwisho? Hapo alinyamaza. Katika bakigamoni, anayekubali hupewa ile dadu. Pale shimoni, anayekubali hapewi kitu. PDG anaweza kuzidisha kesho, na keshokutwa, na mtondo. Mchezo ambao mtu mmoja tu ana haki ya kuzidisha si mchezo.

Aliacha. Alirudi Baraka kwa pikipiki, na leo anatengeneza simu karibu na soko. Wiki tisa baadaye shimo lile lilitoa dhahabu. Watu walimcheka, hata jamaa zake, na kwa muda alikuwa akipita njia za nyuma asikutane na mtu. Nilimwambia, na sasa nawaambia ninyi, kwamba aliamua vema. Uamuzi hupimwa kwa yale mtu aliyoyajua siku ya kuamua. Shimo lingeweza pia kuporomoka, na mashimo ya aina hiyo mengine yamezika vijana wa umri wake. Hakuna ambaye angemcheka mamaye akiwa hana mwana wala mihogo. Sisi tuna desturi mbaya ya kumwita mwenye hekima kila aliyebahatika, na mpumbavu kila aliyekosa. Dadu hazijui nani aliyefikiri.

Kabla ya kuendelea, niseme wazi fundisho la Kanisa, ili asitokee mtu wa kusema kwamba mlei wa Baraka amehalalisha kamari. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2413, inafundisha kwamba michezo ya bahati na kuwekeana dau si kinyume cha haki kwa yenyewe. Inakuwa haikubaliki inapomnyima mtu kile anachohitaji kwa mahitaji yake na ya wengine, na tena inaonya kwamba tamaa ya kucheza yaweza kugeuka utumwa. Angalieni mahali Kanisa linapoweka mpaka. Haliuweki kwenye dadu, linauweka kwenye sahani ya chakula. Hesabu yangu ya robo inafanya kazi kwa mtu anayeweza kulipa akishindwa na kucheza tena kesho. Anayeweka ada ya shule ya mdogo wake hana michezo minne ya kulinganisha, ana mmoja tu. Kwa kibanda cha mpira ni vibaya zaidi, maana mwenye kibanda ndiye anayepanga malipo, naye huyapanga ili kwa jumla abaki na faida. Hakuna mpaka wa robo hapo, kuna mfuko wako na mfuko wake.

Vilevile kuna mali ambayo hakuna hesabu itakayoiruhusu iwekwe, nayo ni mali isiyo yako. Wengi wenu mmeingia katika vikundi vya AVEC, ambamo kila wiki watu huweka akiba katika sanduku lenye kufuli tatu. Mtunza sanduku anaweza kuwa hodari wa hesabu kuliko Pascal mwenyewe, anaweza kuwa na nafasi tisa katika kumi, na bado hana ruhusa. Fedha ile si dau lake.

Lakini mchezo una upungufu mmoja ambao maisha, kwa rehema ya Mungu, hayana: majibu ni mawili tu. Nililiona hilo kwa mama yangu.

Tulivuka ziwa mwaka 1996, vita ilipofika kwetu, nasi tukakaa Lugufu, upande wa Kigoma. Mnamo Oktoba 2005 misafara ya kurudi ikaanza: Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilianza kuwasafirisha watu kwa meli kutoka Kigoma hadi Baraka. Kambi yote iligeuka baraza. Kila jioni wazee walikaa mbele ya nyumba za udongo, wakashindana. Hawa walisema: amani imekuja, turudi sote, tukichelewa mashamba yatachukuliwa. Wale walisema: tumekwisha kudanganywa, hapa tuna unga na shule, tubaki. Mama alikuwa mjane mwenye watoto watano. Kurudi kulikuwa ni kuongeza dau: kuacha kadi ya chakula, yaani kitu cha hakika, kwa ajili ya nchi ambayo huenda ingewaka tena. Kubaki nako hakukuwa bure, ingawa wengi walidhani ni bure. Lugufu ilifungwa mwaka 2009, na waliokuwa bado humo wakahamishiwa Nyarugusu, wakaanza upya kukandika udongo.

Mama hakujibu ndiyo, wala hakujibu hapana. Alimtuma kaka yangu mkubwa atangulie. Jirani mmoja alimlaumu, akasema mama mwenye huruma hamtoi mtoto kama chambo. Mama akamjibu kwa Kibembe, kisha akamrudia kwa Kiswahili ili sisi watoto tusikie: huyu si chambo, huyu ni jicho. Kaka aliikuta nyumba haina paa, miembe miwili imezaa, na shamba linalimwa na mtu mwingine aliyekubali, baada ya maneno marefu mbele ya mzee wa kijiji, kuondoka akishavuna. Habari hizo zilitufikia kwa midomo ya wafanyabiashara wa ziwani. Tulirudi mwaka 2007, mbegu zikiwa tayari ardhini.

Mara nyingi anayekuzidishia dau anataka uamini kwamba majibu ni mawili na kwamba wakati ni sasa. Mwulize kwanza kama unaweza kukubali nusu. Mwulize kama unaweza kujibu kesho. Akikasirika, amekwisha kukujulisha jambo kubwa kuhusu nafasi zako.

Bwana wetu mwenyewe hakuona haya kuzungumza hivi. Katika Injili ya Luka, sura ya 14, anamtaja mfalme anayekwenda vitani na watu elfu kumi, akikabiliwa na mwingine mwenye elfu ishirini. Mfalme yule, asema Yesu, huketi kwanza akashauriana. Na akiona hawezi, huwatuma wajumbe kutafuta amani adui akiwa bado mbali. Nimesikia mahubiri mengi juu ya sura hiyo, na karibu yote hukimbilia msalaba unaotajwa jirani yake. Mimi hupenda kukaa kidogo na huyo mfalme aliyeketi. Hakuitwa mwoga. Elfu kumi wale walikuwa wana wa watu.

Hapo kijana mwerevu ataniuliza, na amekwisha kuniuliza: basi mashahidi wetu je? Wao hawakuwa hata na robo.

Anasema kweli, na swali lake si la kukwepa, kwa maana damu hiyo ilimwagika hapa. Tarehe 28 Novemba 1964, wakati wa uasi wa Simba, waliuawa Baraka Padri Luigi Carrara na Bruda Vittorio Faccin, na Fizi wakauawa Padri Giovanni Didonè na Padri Albert Joubert. Watatu wa kwanza niliowataja pamoja, Carrara, Faccin na Didonè, walikuwa Waitalia wa shirika la Waxaveri, waliofika Kongo tangu 1958. Joubert alikuwa padri wa hukuhuku ziwani: baba yake ni yule Kapteni Joubert, Mfaransa, askari wa zamani wa Papa aliyekuja kuwalinda watu dhidi ya wateka watumwa, na mama yake alikuwa Mwafrika. Tarehe 18 Agosti 2024, mjini Uvira, Kardinali Fridolin Ambongo aliwatangaza wote wanne kuwa wenye heri. Wengi wenu mlikuwapo, mkarudi na fulana zenye picha zao.

Je, walicheza kamari na maisha yao? Ili kujibu, tumtazame kwanza Mtakatifu Paulo, kwa sababu yeye alijibu kwa namna zote mbili. Huko Damasko alipojua kwamba wanamvizia malangoni ili wamwue, wanafunzi wake walimteremsha usiku ukutani ndani ya kapu, akaenda zake. Alikataa dau. Miaka mingi baadaye aliambiwa waziwazi kwamba akienda Yerusalemu atafungwa, marafiki wakamlilia asiende, naye akaenda. Alikubali. Mtu ni yuleyule, imani ni ileile. Sidhani kwamba kati ya siku hizo mbili alikuwa amejifunza kudharau uhai. Damasko, kubaki kwake kusingemsaidia yeyote. Yerusalemu alikuwa akipeleka mchango wa makanisa kwa maskini, na alikuwa ameahidi. Yesu naye aliwaambia wanafunzi wakiudhiwa katika mji huu wakimbilie mwingine. Kwa hiyo mama zetu waliovuka ziwa usiku na watoto mgongoni hawana deni lolote kwa mashahidi. Wasiwaone kama watu waliofanya kile ambacho wao walishindwa kukifanya.

Mcheza kamari huweka mali ili yeye apate zaidi, na mara nyingi anayelipa ni mwingine: mama mwenye mihogo, mdogo mwenye ada. Wale wanne waliweka kitu kimoja tu ambacho kilikuwa chao kabisa, na faida, kama ilikuwapo, haikuwa ya kwao. Walijua hatari iliyowazunguka, wakaendelea na kazi kwa sababu waamini walikuwa bado hapo wakiwahitaji. Sioni hesabu ya robo katika jambo hilo. Hesabu hiyo huuliza nitapata nini, lakini wao walikuwa wameulizwa swali jingine: watabaki na nani? Mtu anaweza kuketi kama yule mfalme, akahesabu vizuri sana, akaona wazi kwamba atashindwa, na bado akabaki, ikiwa anachokilinda kwa kubaki si ushindi wake. Lakini na aketi kwanza. Anayebaki bila kuhesabu hatofautiani sana na yule kijana aliyekubali dau kwa sababu wasichana walikuwa wakitazama.

Ilikuwa Jumamosi, na kesho yake ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Majilio. Hapa Baraka, gari la waasi liliposimama misioni, Padri Carrara alikuwa akiwaungamisha watu. Bruda Faccin alitangulia kukutana nao, akapigwa risasi. Carrara alitoka. Kamanda alitaka aingie garini aende naye. Kwa wakati huo, katika mahali hapo, hilo lilikuwa jibu la tatu, la kungoja, huenda hata la kuokoka. Alikataa kumwacha mwenzake aliyelala chini, akapiga magoti karibu naye, akauawa hapo. Alikuwa na umri wa miaka 31, Faccin 30.

Kisha gari lilipanda kwenda Fizi. Jioni mlango wa mapadri ukagongwa. Didonè alikuwa na miaka 34, Joubert 56, nao walikuwa pamoja nyumbani. Didonè akaenda kufungua.